Mkutanikapo Mpate Kula

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nilikuwa nimejiandaa kuandika juu ya maombi ya alfajiri, lakini 1 Wakorintho 11 imenikamata na haijaniachia. Sisemi ile sehemu tunayoisoma siku ya Meza ya Bwana. Nasema mstari wa 33, ambao kwa kawaida tukiufikia kila mtu ameshafunga Biblia: "Kwa hiyo, ndugu zangu, mkutanikapo mpate kula, mngojane."

Ulinikamatia mgahawani. Kijana wetu mkubwa anafanya mtihani wa kuingia sekondari ya juu hapa Nagoya, Japani, na wanafunzi wa huku wana desturi ya kula katsu kabla ya mtihani ili wapate heri. Heri yetu sisi tunajua inakotoka, na tulishamwombea nyumbani kabla hatujafunga mlango. Ila mtoto akitaka kula wanachokula wenzake, simnyimi. Tukaenda wote: baba watoto, watoto, kichanga mgongoni kwangu, na mama mkwe, aliyekuja kutoka Same kunisaidia uzazi.

Kwa ambaye hajaiona, katsu ni mnofu wa nguruwe unaopakwa unga, ukachovywa kwenye yai, ukaviringishwa kwenye chenga za mkate na kuzamishwa kwenye mafuta mengi. Inaletwa imekatwa vipande, imelazwa juu ya kichanja kidogo cha waya ili mvuke usiilainishe upande wa chini. Pembeni kuna kabichi mbichi tele iliyokatwa nyembamba, wali na supu ya miso, yaani rojo la soya iliyochachushwa. Wa Nagoya huimwagia pia mchuzi mzito, mweusi, wa miso. Wakati unasubiri, mgahawa ule hukupa kinu kidogo chenye ufuta uutwange mwenyewe. Mama mkwe alikipenda kile kinu kuliko chochote alichoonyeshwa tangu ashuke kwenye ndege. Alitwanga ufuta wake, akatwanga wa mwanawe, akanyoosha mkono akachukua na wangu.

Sasa, mama ni Msabato. Ni wa Upareni, ambako Waadventista waliingia mwaka 1903 na wamisionari wa Kijerumani, na kwao nguruwe hapiti hata uani. Mimi ni Mlutheri wa Machame, kitimoto nimeikuta nyumbani. Baba watoto akiwa mbele ya mama yake haigusi, na sijawahi kumuuliza zaidi. Tulimwagizia mama katsu ya kuku, tukaona mambo yamekwisha. Akamaliza kutwanga, akaniinamia: "Mwanangu, na mafuta haya ya kukaangia, ni ya nini?"

Binti aliyekuwa akituhudumia alikwenda jikoni kuuliza, akarudi ameinamisha kichwa. Mafuta ya nguruwe. Migahawa mingi ya katsu hukaangia hayo, au huyachanganya na mengine, na ndiyo yanayoleta ile harufu inayokuvuta toka barabarani. Supu nayo ilikuwa na kome, na mnajua Walawi 11 inasema nini juu ya viumbe wa majini wasio na mapezi wala magamba. Mwenye mgahawa, mzee wa makamo ya mama, akatoka mwenyewe akaomba radhi. Akasema atamkaangia mayai kwenye kikaango kingine, kwa mafuta ya mimea.

Hapo sinia zetu zikaanza kuingia, moja baada ya nyingine, kila mtu na yake. Mama akasema kama mama yeyote angesema: "Kuleni wanangu, vitapoa." Baba watoto akalaza vijiti. "Tunakusubiri, mama." Wapendwa, nilikuwa na njaa ya mama anayenyonyesha, na wanawake mnaijua. Mzee wa jikoni alichungulia, akatuonyesha kwa mkono tule. Kwa mtu aliyekaanga katsu maisha yake yote, kuiangalia inapoa mezani ni mateso. Alichungulia tena. Vijana wangu wakawa wanahesabu vipande kwa macho. Mayai yalipofika tukashikana mikono, mama akasali, na sala ya mama si fupi. Alimwombea mpaka yule mzee, na biashara yake.

Ndipo mstari wa 33 ukaniingia. Tazameni Korintho ilikuwaje. Kanisa lilikuwa na wenye nyumba zao na muda wao, na lilikuwa na watumwa na vibarua, ambao hutoka pale bwana wao anapowaachia. Wa kwanza walifika mapema na vikapu vyao. Wa pili walifika na jasho lao, wakakuta makombo. "Huyu ana njaa, na huyu amelewa," anasema Paulo, na anauliza kama wanataka kuwatahayarisha hao wasio na kitu. Angeweza kuwaagiza wapike zaidi, au waandike ratiba. Aliwaagiza wangoje. Mwenye njaa sana, anasema, na ale nyumbani kwake kwanza.

Ya kula na kutokula yako Warumi 14, someni wenyewe. Alaye asimdharau asiyekula, na asiyekula asimhukumu alaye. Jambo hili halikuanza na sisi. Hata Wajapani kwa karne nyingi nyama ilikuwa mwiko kwa wengi wao, na mfalme Meiji alipotangaza mwaka 1872 kwamba anakula, kuna watu wa dini waliojaribu kuingia ikulu kwa nguvu kupinga, baadhi yao wakauawa. Mwaka uliofuata ndipo mbao za matangazo ya kupiga marufuku Ukristo zikaondolewa. Mama aliposimuliwa haya alisema tu, "Kumbe nao."

Lakini nirudi kwenye kungoja, maana hapa nina neno na sisi wenyewe tunaosali pamoja kwa Kiswahili, na naomba mnivumilie.

Tunao vijana wanaofungasha vyakula viwandani. Jumapili zamu inawaachia saa tisa alasiri, wanakimbilia treni, wanafika kwetu saa kumi na nusu na nguo za kazi kwenye mifuko. Ibada tumeshatoa baraka saa kumi. Wakifika wanakuta nini? Sufuria ya pilau imekwanguliwa, chapati zimeisha, na mtu anawaambia huku anafuta meza, "Pole, leo mmechelewa." Wamechelewa wapi? Wametoka kazini! Hao ndio wanaotoa fungu la kumi la mshahara wa saa kwa saa, na kodi ya ukumbi huu mnajua nani anailipa bila kukumbushwa.

Na wale wasiokula nguruwe miongoni mwetu, tunawapikia kweli, nawashukuru kina mama. Kisha upawa uliotoka kwenye kitimoto unazama kwenye maharage. Dada mmoja amekuwa akila wali mweupe na kachumbari bila kusema neno, nasi tunamsifu kwamba anafunga.

Ndugu zangu, kungoja kunauma kwa sababu chakula chako kiko mbele yako, kimeiva, ni halali yako, na hakuna sheria inayokuzuia. Upendo unaanzia hapo hapo kwenye halali yako. Paulo alisema chakula kikimkosesha ndugu yake, hatakula nyama hata milele. Hata milele! Sisi tunaombwa nusu saa. Mtu anayeweza kukesha kwenye mkesha wa maombi usiku kucha anashindwaje kukaa na sahani tupu hadi mwenzake anawe mikono? Watoto wale kwanza, na wagonjwa wa sukari, hilo halina mjadala. Sisi wengine tuimbe.

Kwa hiyo Jumapili hii sufuria hazifunuliwi hadi saa kumi na dakika arobaini. Nimeshaongea na mama mzee wa kanisa, amekubali. Kila chombo kije na upawa wake, na mpishi aandike kwenye karatasi ameweka nini na amekaangia mafuta gani. Mwenye gari amfuate kijana mmoja stesheni. Na mumkumbuke kijana wetu kwenye maombi, matokeo bado.