Nilivyoanza biashara ya kuhifadhi tovuti Kisumu bila kununua seva

Inaniudhi kuona vijana bado wanaambiwa kwamba huwezi kuhifadhi tovuti za watu kama huna seva yako mwenyewe, yaani kompyuta inayowaka saa zote ili tovuti hizo zifunguke mtandaoni. Nami niliambiwa hivyo hivyo. Jamaa mmoja anayeuza kompyuta zilizotumika hapa mjini alinihakikishia kwamba kwa elfu arobaini hivi angenipa mashine ya kutosha, niiweke chumba cha nyuma, nilipie intaneti ya nyumbani, na wateja watajaa. Sikumpa hata shilingi. Nilikuwa na kompyuta ya zamani nyumbani Kondele, nikaiwekea Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta, na tovuti ya majaribio ili nijionee mwenyewe.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa anwani. Laini nyingi za nyumbani hazikupi anwani ya IP ya peke yako, ile namba ambayo wengine huitumia kukufikia mtandaoni. Mnabanwa wateja wengi nyuma ya anwani moja ya kampuni, kwa hiyo wewe unatoka nje vizuri lakini mtu wa nje hana njia ya kukufikia. Nilipitishia mawasiliano kwenye seva ndogo ya kukodi, tovuti ikafunguka. Basi stima zikapotea. Kompyuta ilikuwa kwenye betri, inaendelea kunguruma. Ruta nayo inawaka. Ila ile taa ya intaneti iligeuka nyekundu na haikubadilika mpaka stima ziliporudi, kwa sababu mitambo ya mtaani haikuwa na betri kama yangu. Hapo hata ungenunua jenereta, unawasha ya nini? Nilikuwa bado kwenye majaribio hayo tarehe 25 Agosti 2023, karibu nchi nzima ilipoingia gizani, na usiku huo niliona wazi kwamba siwezi kumwahidi mwalimu mkuu wala mwenyekiti wa sacco kitu ambacho mtaa wangu hauwezi kukibeba.

Barua pepe ndiyo ilikata maneno kabisa. Mlango namba 25, ambao seva za barua hutumia kupokezana barua, ulikuwa umefungwa kwenye laini yangu. Kampuni nyingi za intaneti huufunga kwa wateja wa nyumbani ili kuzuia barua taka. Na mteja wa Kisumu anaweza kuvumilia tovuti ikilala kwa saa nzima, lakini nukuu ya bei isipofika kwa mnunuzi, atakupigia saa hiyo hiyo.

Nilizobaki nazo zilikuwa njia mbili za maana. Ya kwanza ni kukodi VPS, yaani kipande cha seva kubwa unachokisimamia wewe. Bei yake inavutia, lakini masasisho ni yako, ulinzi ni wako, na barua zikikwama ni wewe. Tena cPanel, programu ya kusimamia tovuti na barua pepe ambayo wateja wengi wameizoea, tangu 2019 hutoza leseni kulingana na idadi ya akaunti, kwa hiyo ukiwa na wateja wachache leseni inaweza kuzidi kodi ya seva yenyewe. Ya pili ni kununua nafasi kwa jumla na kuiuza rejareja, kama mama anayechukua omena kwa gunia Dunga na kuipima kwa gorogoro Kibuye. Unapewa WHM, paneli ya kusimamia akaunti za cPanel, unamfungulia kila mteja akaunti yake, jina la biashara yako ndilo wanaloliona, na mashine inaamshwa na mwenye mashine. Nikachagua hiyo.

Kazi sasa ikawa kumpata mwuzaji wa jumla, na hapa nina jambo ninalojivunia. Sikusoma sifa zao. Niliwaandikia kadhaa usiku wa Jumamosi, saa ambayo najua wengi wamelala, swali moja tu: nikifuta tovuti ya mteja kwa bahati mbaya, naweza kuirudisha ya jana mwenyewe, na ninabonyeza wapi? Mmoja alinijibu Jumatatu alasiri kwa orodha ya bei. Mwingine akaniambia nisiwe na wasiwasi, bila kusema chochote. Mmoja akanijibu usiku ule ule, akanitajia menyu, nakala zinakaa siku ngapi na zinahifadhiwa kwenye seva gani tofauti. Huyo nikamlipa mwezi mmoja tu. Nikapandisha tovuti yenye picha nyingi, nikaiacha ikae siku kadhaa, kisha nikaifuta yote makusudi, pamoja na hifadhidata. Nikafuata maelekezo yake. Ilirudi kabla chai yangu haijapoa, picha zote zipo.

Halafu nikatuma barua kwenda Gmail, Yahoo na Outlook, na Gmail nikafungua maelezo ya ndani ya barua kuona kama SPF, DKIM na DMARC, ukaguzi wa kuthibitisha kwamba barua imetoka kweli kwa mwenye jina hilo, zimepita. Usipuuze hili. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti kwa watumaji. Zikapita zote, nikalipa mwaka.

Seva nilitaka iwe Nairobi, ingawa bei ya Ujerumani ni nafuu zaidi. Wapo walioniambia napoteza pesa. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, intaneti ya nchi kadhaa za Afrika Mashariki ilisuasua, lakini tovuti za wateja wangu zilifunguka kwa sababu mawasiliano ya hapa hupokezanwa hapa hapa nchini, kwenye KIXP, kituo ambako kampuni za intaneti za Kenya huunganishwa. Nakala zangu za ziada ndizo ninazoziweka Ulaya, maana nakala isikae nyumba moja na kilichonakiliwa.

Mteja wa kwanza alikuwa shule upande wa Ahero. Mwalimu mkuu aliniambia, "Nyathina (mwanangu), tovuti yetu ilikufa na aliyeitengeneza hashiki simu." Kikoa chao, yaani jina la tovuti yao linaloishia na .sc.ke, kilikuwa kimesajiliwa kwa barua pepe ya fundi huyo, si ya shule. Kukirudisha kulitaka barua yenye mhuri wa shule na subira nyingi. Ndiyo maana kila kikoa ninachosajili kiko kwa jina la mteja na barua pepe anayoifungua yeye. Akitaka kuhama kesho, ahame salama. Nikihamisha tovuti, siku moja kabla hushusha TTL ya rekodi, yaani sekunde ambazo mtandao hukumbuka anwani ya zamani, hadi 300, hivyo dakika chache baada ya kubadilisha anwani wengi wanaona seva mpya.

Malipo napokea kwa Till ya M-Pesa, ada ya mwaka, si ya mwezi. Kumfuata mtu kila mwezi kwa mia tatu kunamaliza simu na urafiki. Na ankara za shule nimezisogeza zote zifike wiki chache baada ya shule kufunguliwa Januari, karo ikishaanza kuingia. Mhasibu aliyekuwa akinizungusha hadi Aprili sasa hunilipa bila hata kukumbushwa.