Upinde wa mkole ulivyokataa kupinda sawa

Nilikuwa nikichonga upinde wa mishale kwa mti wa mkole: mkono wake wa juu ulipinda vizuri, wa chini umekakamaa kama mpini wa jembe. Wenzangu hapa Dodoma wakashauri niulowanishe. Nikakataa, mti wenye maji hupinda ukabaki hivyo hivyo, na kiangazi chetu kilikwisha kuukausha vizuri.

Niliukalisha kwenye kigingi ukutani, nikavuta ugwe taratibu kwa kamba huku nikiutazama kwa mbali. Palipokuwa pagumu nikapaka mkaa, nikakwangua kwa kipande cha kioo, upande wa tumboni tu, yaani unaomwelekea mpigaji. Mgongo, upande wa nje, hauguswi: nyuzi za mti zikikatika pale, upinde huanza kupasuka. Nikikwangua kidogo, nauvuta nusu mara kadhaa ndipo badiliko lionekane. Panga lisikaribie hatua hii!

Sasa mikono yote miwili inapinda sawa. Nguvu imepungua kidogo, ila gunia la pumba bado linatobolewa.