Babu wa ukweni aliiba kondoo, na mimi ndo nimemfichua

Mwezi na nusu sasa silali vizuri, na siyo mtoto analia wala siyo zamu za usiku. Ni marehemu. Tena marehemu wa ukweni, mtu aliyekufa 1885 huko jimbo la Victoria, Australia, ndani ndani, ambaye hata mume wangu mwenye damu yake hana habari naye, lakini mimi mtoto wa Tanga ndo nakaa jikoni saa saba usiku na laptopu namtafuta kama namdai hela.

Ilianzia kwa mama mkwe. Ana miaka 79, Pasaka tulikuwa kwake hapa Melbourne, watu wameshiba, mimi kwa mdomo wangu nikamuuliza, mama, nyie asili yenu wapi? Kwetu hilo swali la kawaida kabisa, ukimuuliza bibi yangu mzaa mama atakupa fulani binti fulani bin fulani mpaka umwombe anywe maji kwanza. Mama mkwe alifika kwa babu yake akakwama. Baada ya hapo kuna hadithi moja tu, kwamba mkubwa wao alitoka Uingereza, alikuja kwa nauli yake mwenyewe, kutafuta dhahabu. Basi. Akaniletea kopo la biskuti limejaa picha, nyingi hazijaandikwa kitu nyuma, na Biblia kubwa yenye majina ya watoto ukurasa wa mbele. Akasema ningependa nijue kabla sijaondoka. Sasa mkweo akishakwambia hivyo unafanyaje.

Mi nikajua rahisi, hawa wazungu si kila kitu wanaandika? Nikaenda maktaba siku ya wale wazee wa kujitolea wanaosaidia watu kutafuta ukoo, nikamwambia mzee mmoja naomba nione sensa za zamani. Akacheka mpaka akavua miwani. Kumbe Uingereza sensa zao za zamani zipo, unaona mtu na watoto wake na jirani yake, lakini Australia walikuwa wakishahesabu watu wanaziharibu zile fomu zenye majina. Kwa makusudi! Kilichobaki ni vipande, kama ile ya New South Wales ya 1828. Ya 1881 ya huko huko New South Wales iliungua 1882 jengo kubwa la maonyesho pale Sydney, Garden Palace, lilipoteketea. Ni kuanzia 2001 ndo mtu akitaka fomu yake itunzwe anakubali mwenyewe, na itafunguliwa baada ya miaka 99. Kwa hiyo vitukuu wa vitukuu wetu watatukuta, ila mimi wa sasa sina changu.

Ikabaki vyeti na magazeti. Vyeti kila jimbo lina lake na mwaka wake wa kuanza, Tasmania walianza mwisho wa 1838, Victoria 1853, New South Wales 1856, kabla ya hapo unahangaika na vitabu vya makanisa. Na vya karibuni vimefungwa, Victoria huoni cheti cha mtu aliyezaliwa chini ya miaka 100 iliyopita, vifo wanafungua baada ya miaka 30. Magazeti ndo raha yenyewe. Kuna kitu kinaitwa Trove, cha Maktaba ya Taifa, bure kabisa, unaandika jina unaletewa gazeti la 1870 limepigwa picha na maandishi yake pembeni. Shida ni kwamba maandishi yamesomwa na mashine, na mashine ikikutana na wino uliofifia inaandika madudu, kwa hiyo wameruhusu yeyote kusahihisha. Hapo ndo nilipopotelea. Unaingia kutafuta mtu wako, unakuta habari ya ng'ombe aliyeingia dukani kwa mtu, unaanza kurekebisha herufi za ng'ombe asiyekuhusu, ukiinua kichwa saa tisa.

Ushauri kwa wenzangu mlioolewa huku: nunueni cheti cha kifo kwanza. Mi nilitaka kuanza na cha kuzaliwa, yule mzee akanikataza. Kina bei kidogo, siyo ya maandazi, lakini cheti cha kifo cha Victoria cha wakati ule kinaongea kuliko shangazi. Jina la baba, jina la mama na ukoo wake kabla hajaolewa, alizaliwa wapi, alioa wapi na akiwa na umri gani, watoto wote kwa mpangilio na waliokufa wametajwa. Halafu kuna kisanduku kinasema amekaa muda gani kwenye makoloni, na yapi. Cha mzee wetu kimeandikwa: Tasmania miaka 9, Victoria miaka 33.

Mimi nikapita tu. Yule mzee wa maktaba akaweka kidole pale akanyamaza, akaniangalia kwa jicho la huruma, akasema dada, hesabu. 1885 toa 33 unapata 1852. Toa 9 tena, 1843. Mwanaume kijana, maskini, yuko Tasmania 1843, kisiwa ambacho enzi hizo kiliitwa Van Diemen's Land. Dhahabu ya Victoria ilipatikana 1851! Alifuata dhahabu gani 1843?

Kwa wasiojua, Waingereza walianza kuleta wafungwa wao huku mwaka 1788, meli 11 za kwanza, wakaendelea hadi 1868 meli ya mwisho ilipotia nanga Fremantle kule magharibi. Jumla ni zaidi ya watu 160,000, na zaidi ya 70,000 walipelekwa hicho kisiwa. Makaratasi yao Tasmania yapo mtandaoni bure, unatafuta kwa jina tu, na ni ya maana kiasi kwamba UNESCO wameyaweka kwenye orodha ya kumbukumbu za dunia. Nikaandika jina la mzee wetu. Wakaja kibao, maana jina lenyewe kwa Uingereza ni kama Juma Ali kwetu. Wiki nzima nachambua. Huyu mkubwa mno, huyu alifia njiani, huyu alitoka upande mwingine wa nchi. Mwisho akabaki mmoja, na kwenye karatasi yake walimuuliza ndugu zake wakaandika: jina la mama, ndugu wawili wa kiume, dada mmoja, na kijiji. Mama ni yule yule wa kwenye cheti cha kifo. Kijiji ni kile kile. Na ukifungua Biblia ya mama mkwe, watoto wawili wa kwanza wa kiume wamepewa majina ya wale ndugu.

Nilipiga kelele, baba watoto akatoka chumbani anadhani nyoka.

Sasa ngoja niwaambie kilichonikaa rohoni. Huyu mtu aliiba kondoo. Akahukumiwa miaka 10 ng'ambo, 1842. Na kwa sababu aliiba kondoo, mimi leo najua urefu wake hadi inchi, najua nywele za kahawia, macho ya kijivu, pua ndogo, uso una alama za ndui, na mkono wa kushoto amechanjwa nanga na herufi mbili, za kwanza za majina ya mama yake. Paji la uso lina maelezo, nyusi zina maelezo, kidevu kina maelezo. Najua siku aliyolewa pombe, siku aliyomjibu bwana wake wa kazi vibaya akawekwa chumba cha peke yake, mara aliyotoroka usiku mmoja akarudi mwenyewe asubuhi. Hakuna mtu wa ukoo wangu mimi, mtu mwema mcha Mungu, anayejulikana hivyo. Babu yangu mzaa baba picha yake ipo moja na imeliwa na mchwa.

Sasa mtazame mkewe. Huyu alikuwa binti wa Ireland, katika wale yatima waliotolewa kwenye nyumba za maskini kipindi cha njaa ya viazi, zaidi ya wasichana 4,000 waliletwa kati ya 1848 na 1850 wafanye kazi za ndani na, tuseme ukweli, waolewe. Hakuiba. Hakumkosea mtu. Na yeye kwenye orodha ya meli ana mstari mmoja: jina, umri, Mkatoliki, hajui kusoma. Akazaa watoto tisa, akazika watatu, na gazeti la siku aliyofariki limemwita mjane wa fulani, jina lake mwenyewe halimo. Nimetafuta rangi ya macho yake mpaka nimechoka. Serikali ilimtazama kwa makini mwizi, huyu mwanamke wa watu haikumtazama kabisa.

Nikamsimulia hayo rafiki yangu mmoja tunafanya naye kazi, yeye ni Mwaborijini, yaani mwenyeji wa asili wa huku, akatikisa kichwa. Akasema bibi yangu mimi ameandikwa sana, na hakuiba kitu. Victoria ilitunga sheria ya "kuwalinda" wenyeji mwaka 1869, na bodi ya serikali iliyosimamia hiyo sheria ndo iliyoamua nani akae wapi, afanye kazi gani, watoto wake wakae na nani. Faili la bibi yake lina barua za kuomba ruhusa kwenda kumuona ndugu yake mgonjwa. Ndo historia ya familia yao hiyo, imeandikwa na waliowafungia. Wengine watoto walichukuliwa kabisa wakabadilishwa majina, ripoti ya 1997 iliyaweka wazi hayo, na serikali iliomba radhi bungeni Februari 2008. Huko Canberra kuna taasisi ya mambo ya wenyeji, AIATSIS, na kuna huduma za Link-Up zinazosaidia kuunganisha waliopotezana, lakini ananiambia kufungua lile faili siyo kama mimi na kondoo wangu nacheka cheka. Anasoma kurasa mbili anafunga. Nilijiona mjinga kidogo, nikanyamaza.

Mwanangu naye, ana miaka kumi, siku moja anachungulia skrini akauliza, mama kwenye zile meli za kwanza kulikuwa na watu kama sisi? Nikataka kusema hapana. Kumbe walikuwepo! Kuna John Caesar, mtu mweusi, alihukumiwa Kent huko Uingereza, na wapo wanaosema alizaliwa Bukini, Madagascar yetu hii hapa. Alikuja na meli za 1788, akawa anatoroka porini hawamwezi, njaa ilikuwa inamsumbua maana mwili mkubwa posho ndogo, mpaka 1796 wakampiga risasi. Wanamhesabu kuwa jambazi wa msituni wa kwanza wa koloni. Na kuna Billy Blue aliyeletwa 1801 kwa kuiba sukari, akawa anavusha watu kwa mashua pale bandari ya Sydney, mpaka leo Blues Point ina jina lake. Mtoto ameenda kusimulia shuleni, mwalimu akanitumia meseji.

Kwa nini ukoo ulificha? Hili nimelielewa baadaye. Mwaka huo huo wa 1852 mzee wetu anamaliza kifungo na kuvuka bahari, Victoria walipitisha sheria ya kuzuia watu waliotoka kisiwani na msamaha wa masharti. Yeye alikuwa ameshatumikia miaka yake yote kwa hiyo karatasi zake zilikuwa safi, lakini huko machimboni ukijulikana umetoka Van Diemen's Land, kikipotea kitu chochote ni wewe. Kwa hiyo akasema nimetoka Uingereza, ambayo ni kweli. Nimefuata dhahabu, kweli tena. Akaruka tu ile miaka 9 ya katikati, na watoto wakairuka, na wajukuu. Sijui kama mkewe aliambiwa. Ila kwenye kile cheti cha kifo, aliyetoa taarifa ni mtoto wake mkubwa, na ni yeye aliyesema Tasmania miaka 9. Kwa hiyo mtoto alijua.

Nilimpelekea mama mkwe yote nimeyaprinti, herufi kubwa kwa sababu ya macho yake. Nilikuwa na woga maana kizazi chake bado wapo wanaoona aibu. Akasoma taratibu, akafika pale pa mkono wa kushoto, akagusa mkono wake mwenyewe. Hakusema kitu. Jumapili iliyofuata nasikia ameshawapigia marafiki zake wote, maana siku hizi huku kuwa na mfungwa kwenye ukoo ni kama kuwa sharifu. Kaka yake ndo hataki kusikia, anasema huyo ni mtu mwingine mwenye jina hilo hilo, na hajaongea na mimi mpaka leo. Na Biblia ile anayo yeye sasa, alikuja kuichukua.

Nikampigia mama Tanga, nikamsimulia mwanzo mwisho, kesi, meli, miaka 10, mama kimya anasikiliza. Nilipomaliza akauliza swali moja tu.

"Kondoo wangapi?"

Wawili, mama. Hata hilo wameandika.

"Wawili miaka kumi!" Halafu nikamsikia anamwambia mtu pale uani, "Si nilisema mahari ya hawa watu tuipokee kwa hela taslimu."