4,294,967,297: namba iliyompotosha Fermat

Chukua 2 kwa kipeo cha 32, jumlisha 1. Mwanahisabati Pierre de Fermat aliamini jibu hili ni namba tasa, kwa sababu ndugu zake wadogo 3, 5, 17, 257 na 65,537 (yaani 2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16, jumlisha 1) wote ni tasa. Mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler akaipasua: 641 × 6,700,417.

Ajabu ni kwamba 641 haikuwa mbali. Kigawo tasa chochote cha namba hii lazima kibakize 1 ukikigawa kwa 128. Basi wagombea ni 129, 257, 385, 513, 641... Ya 129, 385 na 513 si tasa, zitupe. Ya 257 ni ndugu, na ndugu hawa hawagawani kigawo. Namba ya kwanza unayolazimika kuijaribu ndiyo yenyewe! (Euler alijua sharti la 64 tu, kwa hiyo orodha yake ilikuwa ndefu kidogo.)

Hata kugawanya si lazima. 641 ni 5 × 2⁷ + 1, na pia ni 5⁴ + 2⁴. Tukiangalia mabaki tu ya kugawa kwa 641, 5 × 2⁷ ni sawa na −1. Pandisha kwa kipeo cha 4: 5⁴ × 2²⁸ ni sawa na 1. Lakini 5⁴ ni sawa na −2⁴, kwa hiyo −2³² ni sawa na 1. Ongeza 2³² pande zote: 2³² + 1 haibakizi kitu.

Na 6,700,417? Kipeuo chake cha pili ni kama 2,588. Kwa sharti lile la 128 zinabaki tasa tano za kujaribu: 257, 641, 769, 1,153 na 1,409. Mabaki ni 170, 44, 120, 334 na 622. Ni tasa.

Ukiandika programu, angalia aina ya namba. Nafasi ya biti 32 isiyo na alama ya hasi inaishia 4,294,967,295, kwa hiyo namba yetu inageuka 1 kimyakimya na kila jibu linalofuata ni upuuzi. Tumia biti 64.

Mtego mwingine ni jaribio la Fermat kwa msingi wa 2: pandisha 2 kwa kipeo cha namba yako ukitoa 1, gawa kwa namba yako, na baki likiwa 1, huenda ni tasa. Hapa 2³² inabakiza −1, hivyo 2⁶⁴ inabakiza 1; na kwa kuwa 64 inagawa 2³², jaribio litasema "huenda ni tasa" daima. Weka 3 badala ya 2, na baki halitakuwa 1.