Nilivyoipanga safari ya Ibra, Nizwa na Jebel Shams nikiwa na mama

Mama ana miaka sabini na kitu, magoti yanamsumbua, na tangu zamani alitaka kufika Ibra, Oman, alikotoka babu yake. Kaka yangu alitaka kulala jangwani. Mimi nilitaka kuliona korongo la Jebel Shams. Kuyaweka matatu hayo ndani ya safari moja kulinikalisha jioni nyingi na ramani. Ninachomwambia kila anayeniuliza ni hiki: usianze na kilomita. Anza na jua, halafu mtu mzima uliye naye garini, halafu siku za soko. Kilomita zitajipanga.

Jua kwanza. Kuanzia Mei hadi Septemba joto la mchana Oman hupita nyuzi 40 mara kwa mara, na ukishaingia bara hakuna upepo wa bahari wa kukupoza. Msimu wa wageni ni Oktoba hadi Aprili, nasi tukachagua Januari. Muscat ilikuwa na joto la kupendeza, lakini Jebel Shams ni mlima wa mita 3,000 hivi, na usiku wa Januari huko juu baridi hushuka hadi karibu na sifuri. Watu wa kwetu wakisikia jangwa hufunga nguo nyepesi. Nilimfungia mama sweta mbili, soksi za sufu na shali, na kule mlimani alizivaa zote kwa pamoja.

Mapumziko ya wiki Oman ni Ijumaa na Jumamosi, na mambo mawili niliyoyataka yana siku zake: soko la wanawake la Ibra ni Jumatano, soko la mifugo la Nizwa ni Ijumaa asubuhi. Siku hizo mbili nikazipigilia msumari, mengine yote yakazizunguka. Jumatano Ibra, usiku huo Bidiyah, kwenye mchanga wa jangwa, Alkhamisi tuvuke hadi Nizwa tulale hapo hapo. Jebel Shams nikaiacha mwisho. Jabal Akhdar, mlima mwingine wa huko, niliifuta: mawaridi yake huchanua Machi na Aprili, na sisi tungekuta miti mitupu.

Gari tulikodi inayovuta kwa magurudumu yote manne. Kule Jebel Shams kuna kipande cha changarawe chenye kupanda sana, na sikutaka mama atikiswe ndani ya gari ndogo. Kaka ndiye aliyeendesha, na kwa kuwa Oman wanapita kulia, nilihakikisha siku ya kwanza hatutoki nje ya Muscat mpaka azoee.

Ibra ni mwendo usiofika saa mbili kwa barabara kuu. Kaka alibaki nje akinywa kahawa, kwa sababu siku ile soko ni la wanawake, wauzaji na wanunuzi. Mama alisimama mbele ya meza ya ubani na hina akauliza bei kwa Kiarabu chake cha chuoni. Bibi aliyekuwa anauza akaitazama kanga aliyojitanda, akamjibu kwa Kiswahili safi: "Bi mkubwa, umetokea mjini au shamba?"

Mama akaishika meza kwa mikono miwili. Basi hapo tena hatukuondoka. Watu wa Ibra wameifuata Afrika Mashariki tangu karne ya 19, Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman, alipoufanya mji wa Unguja kuwa makao yake, na wengine walifika hadi Tabora na Kongo. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 wengi walirudi, na mlango ukafunguka zaidi Sultan Qaboos aliposhika nchi mwaka 1970. Ndiyo maana ndani ya nyumba nyingi za huko Kiswahili ni lugha ya jikoni hadi leo. Alasiri ile nilikuwa nimeiacha tupu kwa makusudi, na hiyo ndiyo sehemu ya mpango ninayoifurahia kuliko zote. Tukaalikwa, tukala, mama akataja majina ya mitaa na wenzake wakataja ya kwao. Kwenye magofu ya Al Minzfah, majumba ya wafanyabiashara wa zamani, tulipita kwa haraka tu kabla ya kushika njia.

Huko Bidiyah, kabla ya kuagiza chumba, niliwaomba wenye kambi wanitumie picha ya choo na ya ngazi za mlangoni. Watu huona haya kuuliza hayo. Ulizeni. Kambi nyingine choo ni cha pamoja na kiko mbali, na mzee hawezi kukanyaga mchanga usiku wa manane. Kabla ya kuingia mchangani, fundi wa matairi alitoa upepo mpaka kila tairi likabonyea kidogo chini, lishike mchanga badala ya kuuchimba. Ukirudi kwenye lami unajaza tena. Dereva wa kambi alitangulia, tukafuata nyayo zake, na tukafika jua likiwa bado lipo.

Nizwa Ijumaa inataka kuamka. Baada ya sala ya alfajiri watu wameshajaa, na saa tatu asubuhi shughuli inaelekea mwisho. Wauzaji wanawazungusha mbuzi kwa kamba ndani ya duara wakiita bei. Mnunuzi anamkamata mnyama, anampapasa mgongo, anamfunua mdomo kutazama meno, anamwachia. Mama alipewa kiti na kijana asiyemjua, akakaa hapo hadi mwisho. Ngome ya Nizwa, yenye mnara mnene wa duara uliojengwa karne ya 17, nilipanda na kaka kwa zamu. Ngazi zake zina mashimo juu ya milango, ambamo walinzi walikuwa wakimwaga asali ya tende iliyochemka juu ya adui.

Jebel Shams gari hufika karibu kabisa na ukingo, kwa hiyo mama naye aliliona korongo la Wadi Ghul, lenye kina cha mita 1,000 hivi, akiwa amejifunika shali. Ile njia ya miguu inayoanzia kijiji cha Al Khitaym na kupita ubavuni mwa genge hadi As Sab, kijiji kilichohamwa, ni ya saa tatu au nne kwenda na kurudi. Nilitoka asubuhi na kiongozi, kaka akabaki na mama.

Jambo moja sikulifanyia mzaha: mafuriko. Mvua hunyesha mlimani, maji yakashuka kwa kishindo kwenye wadi, yaani bonde la mto mkavu, chini ya jua kali. Aprili 2024 mafuriko yaliua watu kaskazini mwa Sharqiya, mkoa huo huo wa Ibra, wakiwemo watoto wa skuli waliokuwa garini. Kila usiku nilitazama hali ya hewa ya milimani, si ya mji tunaolala. Barabara inapokatiza wadi kuna nguzo zinazoonyesha kina cha maji. Maji yakifika kwenye rangi nyekundu unasimama, na kuingia nayo ni kosa la kisheria.

Sasa ami yangu naye anataka kwenda, na anataka Julai kwa kuwa ndipo anapopata likizo. Nimemwomba aiache Nizwa hadi Disemba. Kama lazima iwe Julai, aende Salalah, kilomita 1,000 hivi kusini ya Muscat, ambako kipindi hicho upepo wa kusi huleta ukungu na manyunyu na milima hugeuka kijani. Huko kuna minazi na madafu ya kuuzwa barabarani, na nimeshamwambia aagize chumba mapema, maana watu wa Ghuba nzima hukimbilia huko.