Muhuri wa Mkandarasi wa Umeme

Mama alipomaliza kujenga nyumba yake Mikanjuni, Tanga, mwaka 2016, kazi ya kutandaza nyaya alimpa fundi wa mtaani ambaye nyumba nyingi za jirani zilikuwa zimepita mikononi mwake. Kazi ilipendeza: mabomba yalipita ukutani yamenyooka, swichi zote zilikaa kimo kimoja, na bei haikuumiza. Tulipokwenda kuomba umeme TANESCO tukaelezwa kwamba maombi hayakamiliki bila mchoro wa nyaya wenye muhuri wa mkandarasi wa umeme aliyepewa leseni. Leseni hiyo hutolewa na EWURA, mamlaka ya serikali inayodhibiti huduma za nishati na maji, chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, nayo ina madaraja, kila daraja na mipaka ya kazi inayoruhusiwa. Fundi wetu hakuwa na daraja lolote.

Yeye hakuona tatizo. Alisema yupo mtu mjini, mwenye leseni halali, ambaye hugonga muhuri kwa malipo kidogo. Nikafuatana naye. Mtu yule aliniuliza idadi ya vyumba, taa na soketi, akaanza kujaza fomu, na alipofika mahali pa vipimo vya nyaya aliandika namba bila hata kuinua kichwa. Niliichukua fomu yangu nikaondoka. Hasira ile haijanitoka hadi leo, kwa sababu leseni haitolewi ili mtu auze jina lake, bali ili nyumba ikiungua awepo wa kuulizwa, na wa kuulizwa huyo awe ameingia ndani ya nyumba, akagusa nyaya kwa mikono yake.

Nilipomsimulia mama, aliuliza swali moja tu: "Sasa mwanangu, huyo nyumba ameiona?"

Tulimpata mkandarasi mwingine, kijana, aliyekataa kuzungumzia muhuri kabla ya kufika. Alifungua soketi moja baada ya nyingine. Nyaya za taa zilikuwa za milimita za mraba 1.5, sawasawa kabisa. Lakini soketi ya jiko la umeme nayo ilikuwa imefungwa kwa waya uleule, ambao ungepata moto vibaya siku ambayo mama angewasha jiko na oveni kwa pamoja. Kisha alitoka nje, akaishika fimbo ya ethi, akaivuta kwa mkono mmoja, ikatoka. Kilikuwa kipande kifupi kilichochomekwa kwenye mchanga mkavu wa juu, nao mchanga mkavu haupitishi umeme ipasavyo. Ethi ndiyo njia ya umeme uliovuja kushukia ardhini. Ikikosekana, bati la friji linaweza kubaki na umeme hadi atokee wa kuligusa.

Fundi aliumia. "Mwanangu, kazi hii nimeianza wewe hujazaliwa."

"Ni kweli, mzee wangu, ndiyo maana nataka tuirekebishe pamoja."

Wakairekebisha pamoja, kijana akieleza namna mzigo wa kila kifaa unavyokokotolewa, fundi akisikiliza kimya, mara mojamoja akiuliza. Nilitambua kwamba mkono wake haukuwa na kasoro. Alikuwa amejifunza kwa kumbebea ngazi fundi aliyemtangulia, na hesabu zile hakuna aliyewahi kumwonyesha. Kanuni ya leseni naiunga mkono kwa moyo wote, lakini watu kama yeye wanahitaji kuonyeshwa mlango wa kuingilia. Kijana alimwonyesha: VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunzia kazini na kumpa cheti, na kwa cheti hicho angeweza kuanza safari ya kutafuta leseni yake mwenyewe.

Waya wa jiko ulibadilishwa, fimbo nzima ikapigiliwa hadi chini, vipimo vikachukuliwa mbele yetu sote, ndipo muhuri ukagongwa. Waya na fimbo vilimgharimu mama fedha ambazo hakuwa amezipanga, naye alizitoa bila kunung'unika. Fundi alikataa katakata kulipwa kwa kazi ile ya marudio.