Nilivyomchagulia binti yangu gitaa la kwanza la umeme hapa Dodoma

Binti yangu ana miaka 12, yuko darasa la sita, na tangu mwaka juzi amekuwa akijifunzia gitaa kavu la kwaya. Alipoomba la umeme nilimuuliza kwanza: unataka kupiga nini? Jumapili anataka kushika sebene na kwaya ya vijana. Nyumbani anafuatilia roki kwenye simu. Na bibi yake, ambaye zilipendwa hazimtoki masikioni, anataka kumsikia mjukuu wake akipiga dansi la enzi za Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Muziki wa aina tatu, gitaa moja, na mfukoni nilikuwa na laki saba za kila kitu: gitaa, spika, kebo na hela ya fundi.

Wazazi wengi huanza na umbo na rangi. Mimi nilianza na pikapu, zile sumaku zilizozungushiwa waya chini ya nyuzi, maana ndizo zinazoamua gitaa litafaa kwenye muziki gani. Pikapu ya koili moja ina sauti nyembamba inayong'aa, inayopenya katikati ya ngoma na kinanda. Hiyo ndiyo sauti ya sebene. Shida yake hudaka mngurumo wa umeme, na kwenye kanisa lenye taa za tyubu na waya wa ethi usiofungwa vizuri, mngurumo huo unasikika hadi viti vya nyuma. Pikapu ya koili mbili, hambaka, ambayo Seth Lover aliibuni kwenye kampuni ya magitaa ya Gibson mwaka 1955, imefungwa koili zake kwa kupingana ili mngurumo ujifute wenyewe. Sauti yake ni nene, na roki bila unene huo inapwaya.

Kwa hiyo nilitafuta gitaa lenye zote: hambaka moja karibu na daraja, kile chuma kinachoshika nyuzi mwilini mwa gitaa, koili moja katikati, koili moja shingoni. Wauzaji huliita HSS. Linakuja na swichi ya nafasi tano, na hizo tano zina maana kubwa. Gitaa la Stratocaster la kampuni ya Fender lilipotoka mwaka 1954 swichi yake ilikuwa ya nafasi tatu tu. Wapigaji wakagundua kwamba ukiiegesha katikati ya nafasi mbili, pikapu mbili zinalia pamoja na sauti inakuwa laini, kama imetobolewa katikati. Fender waliweka swichi ya nafasi tano kiwandani mwaka 1977. Sebene nyingi ninazozipenda zinakaa vizuri kwenye nafasi hizo za kati.

Nilipanda SGR kwenda Kariakoo nikaangalie. Duka moja walikuwa na gitaa jipya linalong'aa, umbo la Les Paul, bei nafuu, na muuzaji alikuwa mchangamfu. Nililiweka begani: zito. Magitaa ya umbo hilo mara nyingi hufika kilo nne, na mtoto wa miaka 12 atasimama nalo ibada nzima. Halafu nikapitisha kidole pembeni mwa shingo kuanzia chini kwenda juu. Ncha za freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, zilikuwa zimechomoza, zinakwaruza kama msumeno mdogo. Muuzaji akaniambia zitajirekebisha zenyewe. Freti haijirekebishi. Na kama zimechomoza Dar es Salaam penye unyevu, hapa Dodoma mwezi wa nane, mbao zikishanywea, zitamkata mtoto vidole. Nililirudisha ukutani.

Urefu wa nyuzi nao niliupima. Magitaa ya aina ya Stratocaster yana milimita 648 kutoka daraja hadi kichwani, Les Paul kama 628, na yapo madogo ya watoto, kama Squier Mini, yenye 578. Hayo madogo yanamfaa mtoto wa miaka saba au minane. Binti yangu nilimkalisha, nikamwambia anyooshe mkono hadi freti ya kwanza na abane nyuzi zote sita kwa kidole kimoja. Kiwiko chake kilibaki kimekunjika, hakujinyonga bega. Saizi kamili inamtosha, na hatalizidi kimo mwakani.

Gitaa lenyewe nililipata hapa hapa. Mwanafunzi wa UDOM aliyekuwa anamaliza chuo alikuwa anauza Yamaha Pacifica 112 iliyotumika, HSS, kwa laki nne na elfu thelathini. Nilimwomba tukutane kwa mzee mmoja wa Chang'ombe, mpiga solo wa zamani wa bendi za dansi, ambaye siku hizi anatengeneza magitaa uani kwake. Sikutaka kununua kwa macho yangu peke yangu.

"Shikamoo babu," binti akasema.

"Marahaba mjukuu wangu. Leta hilo gitaa, ukae hapa uone."

Mzee hakulichomeka kwanza. Alibana uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, akamwonyesha binti nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya saba. Inatakiwa ipite karatasi, basi. Hapa ilipita kadi ya simu: shingo ilikuwa imepinda kidogo mbele. Akachukua ufunguo, akakaza chuma kinachopita ndani ya shingo kwa robo mzunguko, akaliegemeza ukutani tukanywa chai. "Mti hauharakishwi," alisema. Tuliporudi karatasi ikapita, kadi ikagoma.

Kisha akapiga kila uzi kwenye kila freti, moja baada ya moja, akisikiliza panapovuma. Akagusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuubana, ukalia ile sauti ya kengele, halafu akaubana hapo hapo. Sauti mbili zikilingana, gitaa litakuwa kwenye tuni hadi juu shingoni. Zisipolingana, kitako cha uzi kwenye daraja kinasogezwa kwa skrubu. Mwisho ndipo akachomeka kebo na kuzungusha nobu zote. Ya volyumu ilikuwa inakwaruza. Akapuliza dawa ya kusafishia, ikanyamaza.

Daraja la Pacifica lina mkono wa kutikisia sauti. Kwa anayeanza mimi siupendi: daraja likielea, uzi mmoja ukikatika mingine yote inatoka kwenye tuni, na mtoto anakata tamaa katikati ya wimbo. Mzee alifungua kifuniko cha nyuma, akakaza skrubu mbili zinazovuta springi hadi daraja likalala kabisa kwenye mwili. Mkono wenyewe tukauweka kwenye droo. Binti akija kuutaka akiwa mkubwa, springi zinalegezwa. Kwa kazi yote hiyo alichukua elfu thelathini, na naamini hiyo ndiyo hela iliyofanya kazi kuliko nyingine yoyote niliyotoa.

Kwa spika nilikuwa makini zaidi na umeme kuliko sauti. Spika nyingi za mtumba zinatoka Japani ambako umeme ni volti 100. Ukichomeka kwenye 230 ya kwetu bila transfoma unaiunguza. Niligeuza kila niliyoonyeshwa nikasoma kibandiko cha nyuma. Niliyonunua ni ya wati 10, inaandika 230, ina chaneli safi na ya kukwaruza, na tundu la hedifoni. Tundu hilo nililisisitiza, maana nyumba zetu Nkuhungu zimebanana na mtoto anahitaji kurudia mstari mmoja mara hamsini bila kuombwa aache. Sauti ya hedifoni naiweka mwenyewe, chini. Masikio yake bado nayahitaji mazima.

Ukame wa Dodoma unataka utaratibu wake. Mvua zikikoma Aprili, kuanzia Juni upepo unakausha kila kitu hadi Novemba. Gitaa linalala kwenye begi lake, mbali na dirisha, wala haliachwi kwenye gari juani. Ndani ya begi tumeweka kisanduku cha sabuni chenye matundu, na kipande cha sponji kilicholoweshwa na kukamuliwa vizuri. Kila binti anapobadilisha nyuzi anapaka ubao wa shingo mafuta ya limau ya magitaa, tone dogo, na kufuta. Shingo za mepo, zile za mbao nyeupe, zilizopigwa vanishi hazihitaji mafuta hayo, lakini ubao wa gitaa lake ni ule mweusi mkavu.

Nyuzi nilimwekea seti nyepesi, inayoanza na 9, yaani unene wa uzi mwembamba kuliko wote kwa elfu za inchi, ili vidole visimuume kupita kiasi. Sasa sebene anapiga swichi ikiwa kati ya pikapu ya katikati na ya shingoni, roki anaitupa yote kwenye hambaka, na wimbo wa bibi anaupiga kwa pikapu ya shingoni peke yake, volyumu imepunguzwa. Hela iliyobaki tulinunua seti ya pili ya nyuzi, pamoja na nyuzi kadhaa za kwanza za ziada, kwa kuwa ule mwembamba ndio unaokatika mara kwa mara.